Uzito wa Chuma na Uzito wa Maji: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kuunda Vyombo vya Majini

Jambo linalomsumbua kila mgeni katika karakana yetu ni lile lile lililonisumbua mimi: mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo zipatazo 7,850, ya maji ya ziwa ina kilo 1,000 tu, msumari ukidondoka huzama papo hapo, na bado tunateremsha tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo, la mabamba matupu ya chuma likaelea. Jibu lake msilikariri, bali lifanyieni hesabu.

Chukueni tishari dogo lenye umbo la sanduku, urefu mita 10, upana mita 4 na kimo mita 2, lililozibwa pande zote kwa bamba la milimita 10. Chuma chake, ukiacha mbavu za ndani, ni mita za ujazo 1.36, yaani tani 10.7 hivi. Kingeyeyushwa kikawa bonge moja, kingesogeza maji yasiyofika hata tani moja na nusu, nacho kingezama. Sanduku lenyewe, hata hivyo, lina mita za ujazo 80, na kwa kuwa maji hukisukuma chombo juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa, kama alivyoonyesha Archimedes, tishari litashuka sentimita 27 tu ziwani na kutulia. Baharini, ambako maji ya chumvi ni mazito zaidi, litainuka kidogo, kwa kiasi kisichofika sentimita moja.

Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilizamishwa na Wajerumani wenyewe, waliokuwa wenye meli, mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na baadaye ikarudi kubeba abiria. Chuma kilikuwa kile kile. Kilichotofautiana ni kilichojaa ndani yake.

Sehemu ya pili ya somo niliipata kwa aibu. Nikiwa fundi mchanga, niliupitisha mshono mmoja wa chini bila kuupima, kumbe una kitundu cha kadiri ya ncha ya msumari. Tishari likafungwa gatini kwa wiki kadhaa, tundu la juu la kuingilia likiwa wazi, na tuliporudi, ndani mlikuwa na maji ya kina cha sentimita 20, ambayo ni tani 8. Kwa hesabu ya kuelea hapakuwa na hatari, maana hata robo ya kimo chake haikuwa imezama. Lakini tulilikuta limelala ubavu, yaani limeinamia upande mmoja. Maji yasiyozuiliwa hukimbilia upande ulioinama, yakauongezea uzito, nao ukainama zaidi. Hili wengi hulisahau, kwa sababu vitabu vya shule huishia kwenye kuelea na havigusi kulala. Kiambaza kimoja tu cha katikati, kilichopita urefu wote wa tishari, kingeipunguza athari hiyo hadi robo, kwa kuwa maji yangekosa nafasi ya kukimbilia. Ndiyo maana pia tangi la farumi, yaani la maji ya kukituliza chombo, likijaa pomoni halitutishi kama lile lililojaa nusu.

Tangu siku ile siruhusu tishari literemshwe kabla halijatiwa hewa ya shinikizo dogo kwa ndani na mishono yake yote kupakwa maji ya sabuni, nami mwenyewe nimechuchumaa chini yake na tochi, nikitafuta povu.