Filamu ya harusi yenye vurugu, ya kuangalia na mama mkwe

Dada wa Mafinga, umeuliza filamu ya kuchekesha ya harusi iliyovurugika, ya kuangalia na mama mkwe jioni za baridi hizi. Anza na The Wedding Party ya Nigeria, ya 2016, aliyoiongoza Kemi Adetiba. Bibi harusi Myoruba, bwana harusi Mwigbo, na hadithi karibu yote ni siku moja ya harusi Lagos: wazazi wanadharauliana, mpenzi wa zamani anatokea, wageni ni wengi kuliko viti. Ukiwa umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi hapa Mbeya, utadhani wamerekodia Mwanjelwa. Sisi Uyole mwaka juzi mvua iliangusha turubai kwenye sendofu ya binamu yangu, ubwabwa ukalowa, na MC akaendelea kuita watu waje kutunza kama vile hakuna kilichotokea! Ndiyo maana nilicheka mpaka machozi. Halafu Adesua Etomi na Banky W walioigiza maharusi wakaoana kweli mwaka uliofuata.

Monsoon Wedding ya Mira Nair, 2001, ni nzuri zaidi kwa maoni yangu, ila kuna kisa kizito cha mtoto kudhalilishwa na ndugu wa karibu. Iangalie kwanza peke yako.

My Big Fat Greek Wedding, 2002, hiyo haina neno. Ukoo mzima wa Wagiriki wa Chicago umemzunguka mkwe asiyejua aketi wapi. Mama atampenda huyo kijana.