Mistari kwenye TV ya chogo: kabla hujaitupa, nisikilize

Juzi dogo mmoja wa Mbagala kanitumia meseji, katengeneza simuleta ya gari kwa TV ya chogo, analalamika picha ina mistari kama daftari. Nikacheka, maana hiyo shughuli naijua.

Mimi nilifunga simuleta za TV za chogo inchi 29 tatu kwenye chuo kimoja cha udereva huku Temeke, bosi akaja na jamaa yake, jamaa hata mfuniko hajafungua anasema "hizi takataka, nunueni flati". Iliniuma. TV haina kosa pale! PAL, mfumo wa picha wa TV zetu za zamani, inaonyesha mistari 576, na picha ya inchi 29 ina kimo cha kama sentimita 41, ukikaa mita mbili na nusu macho hayaitenganishi. Sasa dereva wa simuleta anakaa karibu, sentimita 70, ili barabara imjae machoni, lazima aione.

Anza na chanzo, yaani mashine inayoipa TV picha. Mashine nyingi za gemu za zamani zinatoa mistari 288 tu, kati yake giza. Weka 576 ya kupishana, TV ichore ya witiri kisha ya shufwa, zamu 50 kwa sekunde. Zamu zikilaliana badala ya kupishana umerudi kulekule, kacheki sinki ya wima, ile ishara inayoiambia TV lini ianze zamu mpya.

Halafu faibeki, ile transfoma ya umeme mkubwa ndani ya TV. Ina vishikio viwili, fokasi (ukali wa picha) na skrini (mwanga). Sogeza pua kwenye kioo, zungusha fokasi kidogo sana, utaona mstari unanenepa na lile pengo jeusi linajaa, simama hapohapo, ukizidisha vibao vya barabarani havisomeki. Bisibisi iwe ya plastiki, pale kuna volti zaidi ya 20,000, usituletee msiba.

Uingereza miaka ya 1950, baadhi ya TV zao za mistari 405 zilitikisa mwale wa elektroni unaochora picha juu chini mamilioni ya mara kwa sekunde, mstari unanenepa kwenda juu tu. Huo ndo utamu wenyewe, maana fokasi inafifisha pande zote.

Vijana, acheni kudharau kitu hamjakifungua, na kazi ya fundi mwenzio usiiseme vibaya mbele ya tajiri. Mwanafunzi wa kwanza alisoma kibao cha 50 bila kukodoa macho, bosi yupo pale anaangalia. Yule wa flati kalipwa hela ya ushauri, mimi nusu yangu naidai mpaka leo.