Muulize Dakta wa Meno: Gego limekatika pembe, ling'olewe?

SWALI: Dakta, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Wete. Gego langu la chini, upande wa kulia, lilizibwa miaka mingi nyuma kwa ile dawa ya rangi ya fedha. Juzi nilikuwa nala tende, nikauma kokwa, pembe ya jino ikamomonyoka. Likikaa haliumi, ila nikiuma kitu kigumu kisha nikiachia, linachoma kama sindano. Daktari wa kwanza kanambia ling'olewe. Mwengine kasema aweza kuniwekea onlei, kitu kinachotengenezwa nje ya mdomo. Mama mkwe naye kanipa mafuta ya karafuu, natia kila usiku. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza nakuomba usikubali kung'oa mpaka jino lenyewe lichunguzwe. Nasema hivi kwa uchungu. Mimi niling'olewa gego nikiwa skuli, na kwa nilivyokuja kusoma baadaye, naamini lingeokoka. Gego la juu lililokuwa likikutana nalo limeshuka kulifuata pengo, na la nyuma yake limelalia mbele. Chakula hunasa hapo mpaka leo.

Sasa hiyo onlei. Ukilitazama gego kwa juu utaona bonde katikati na vilele vinne au vitano pembezoni. Tundu likiwa ndani ya bonde na vilele vyote vizima, kipande kinachopachikwa humo huitwa inlei. Kilele kikikatika, au ukuta wake ukiwa mwembamba hauaminiki, kipande hupanda juu na kukifunika. Hiyo ndiyo onlei, na wewe uko huku.

Kwa nini lisizibwe tena kama mwanzo? Ziba kubwa baina ya kuta nyembamba hufanya kazi ya kabari kwenye gogo. Kila ukitafuna, kuta husukumwa nje kidogo. Kokwa ya tende ilimalizia tu. Onlei huzifunika kuta kwa juu zisitanuke tena. Kofia nzima ya jino nayo hulilinda, lakini mara nyingi huchongwa jino pande zote, na gamba gumu la jino likishachongwa halioti tena. Ndiyo maana mimi, palipo na ukuta mzima, hupendelea onlei.

Lakini ule mchomo unapoachia unanitia wasiwasi. Mara nyingi ni dalili ya ufa. Muombe daktari autafute kwa taa na akupe kijiti ukiume kwa kilele kimoja kimoja, kwani picha ya eksirei peke yake huweza isiuoneshe. Ufa ukiishia juu, onlei inafaa. Mshipa wa ndani ukiwa umeshakufa, mizizi itatibiwa kwanza. Ufa ukiwa umeshuka mpaka umepasua mzizi, hapo yule daktari wa kwanza atakuwa na haki yake.

Kazi yenyewe mara nyingi huchukua safari mbili. Ya kwanza utatiwa ganzi, ziba ya zamani itatolewa, jino litachongwa na kuchukuliwa umbo lake, kisha litafunikwa kwa ziba ya muda. Fundi wa maabara hutengeneza kipande kwa kauri, kwa resini (aina ya plastiki ngumu) au kwa dhahabu. Mwaka 1907 Mmarekani William Taggart aliwaonesha madaktari wenziwe jinsi ya kuitengeneza ya dhahabu: umbo la nta linazungushiwa plasta, nta inaunguzwa, dhahabu iliyoyeyuka inajaa mahali pake. Dhahabu ina upole kwa jino linalokutana nayo, ila wengi siku hizi wanataka rangi ya jino. Uliza bei yote kabla hujachongwa, na kama kazi ya maabara imo ndani yake.

Kuhusu mafuta ya karafuu, mama mkwe hakukosea. Yana yujenoli, kitu kinachotuliza maumivu, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na unga wa zinki kutengenezea ziba za muda. Ila mafuta matupu huunguza ufizi, basi acha kutia kila usiku. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: yujenoli huizuia gundi ya resini isikauke sawasawa. Mwambie daktari kuwa umeyatumia, ili naye achague ziba ya muda isiyo nayo.

Ukiwa na ziba hiyo, tafunia kushoto, na halua iache kwanza, kwa kuwa hunata na kuing'oa. Usicheleweshe safari ya pili. Meno husogea, na kipande kitakataa kukaa.

Siku ya kubandikwa utapewa karatasi ya rangi uume. Ukihisi jino limezidi kimo, hata kwa kiasi cha unywele, sema ukiwa bado kwenye kiti. Usione haya. Ganzi ikiwa bado haijaisha na huna hakika, rudi kesho yake akuangalie tena.