Uliza Anti: na watoto wadogo, nipande ndege au treni ya SGR?

SWALI: Anti shikamoo. Nakaa Mbezi ya Kimara, mume wangu yuko Dodoma kikazi na likizo hii anataka tumfuate. Nina watoto wawili, mkubwa miaka mitatu na nusu, mdogo miezi minane bado ananyonya. Baba yao anasema panda ndege, lisaa limoja mmefika. Mama mkwe anasema hela zote hizo za nini wakati SGR ipo na watoto wanapanda bure. Nitakuwa peke yangu, dada wa kazi ameenda kwao. Naogopa watoto kulia mbele za watu. Nipande nini?
Mama wa Wawili, Dar

ANTI: Marahaba mwanangu. Mumeo ana hoja na mama mkwe ana hoja, ila wote wamehesabu kitu ambacho sio. Mmoja kahesabu masaa mwingine kahesabu hela, hakuna aliyehesabu mikono. Wewe una mikono miwili, mtoto mmoja wa kubebwa, mwingine ana miguu na anajua kukimbia, alafu kuna begi, alafu kuna simu inayoita kila dakika mtu anauliza mmefika wapi.

Tuanze na hilo la bure maana ndio linawaponza wengi. Ni kweli, tangu SGR ianze kwenda Dodoma Julai 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilipangwa 31,000, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu, chini ya miaka 4 halipi. Lakini bure ndugu yangu maana yake ni mapajani kwako, hana siti yake. Sasa wako wote wawili hawajafika miaka minne. Treni ya haraka inachukua kama masaa matatu na nusu, ya kawaida inayosimama vituoni inakaribia manne, muda wote huo una mmoja ziwani na mwingine amekalia goti anataka kuona dirishani, na jirani yako kalipa siti yake kamili sio nusu. Kwahiyo kama utapanda treni, nenda dirisha la tiketi uwaambie unataka kumkatia huyo mkubwa siti yake hata kama umri wake ni wa bure. Ukilipa nusu ni 15,500, hata wakikwambia ulipe zaidi bado ni hela ndogo kuliko mateso utakayoyapata.

Kwenye ndege hesabu yake ni tofauti. Mtoto aliyetimiza miaka miwili lazima awe na siti, hakuna mjadala, na mdogo anakaa mapajani kwa nauli kidogo. Ndio maana inakuwa ghali, na nauli zenyewe zinapanda na kushuka kama nyanya za Kariakoo, ukikata mapema unapona ukisubiri wiki ya sikukuu unalia. Lakini angalia unachopata: hizi ndege za pangaboi zinazoenda Dodoma, ATR na Q400, siti zake ni mbili mbili kila upande. Yani wewe na mkubwa wako mnamaliza upande mzima, unamweka dirishani wewe unakaa njiani, hapiti mtu wala hatoki bila kupita kwako, ni kama umemfungia chumbani. Mdogo mhudumu anakupa mkanda mdogo unaoungwa kwenye wa kwako.

Hilo la lisaa limoja mwambie baba yao aache utani. Kuruka ni kama lisaa kweli, ila toka Mbezi upite Malamba Mawili na Kinyerezi mpaka eapoti, ufike mapema, skana, upime mizigo, usubiri, alafu ndio uruke, alafu usubiri begi, ni masaa manne hivi toka mlango wako mpaka mlango wake. Treni nayo toka Mbezi mpaka stesheni mjini na foleni ile, na kufika mapema kwasababu na kule kuna skana na wakifunga geti wamefunga, ni sita mpaka saba. Tofauti ni masaa mawili matatu tu. (Ungekuwa unakaa Pugu au Gongo la Mboto ningekwambia treni ya kawaida inaanza kukuchukua Pugu hapo hapo, hesabu ingebadilika.)

Sasa wewe, kwa safari hii, peke yako, panda ndege. Sio kwa sababu ya spidi, ni kwasababu ndege ina lisaa moja tu la kumbana mtoto, na eapoti kote kuna mtu wa kukushika begi ukiomba. Ungekuwa na dada wa kazi au mdogo wako ningesema SGR bila kufikiria mara mbili, maana treni na watu wazima wawili ni raha, mmoja anakaa na mchanga mwingine anamtembeza huyu wa miaka mitatu kwenye korido, choo kipo, na kuanzia Kilosa kuna milima na mahandaki, treni ikiingia gizani watoto wanapiga kelele kwa furaha behewa zima. Ndege haina hayo. Kwenye ndege mtoto wa miaka mitatu akitaka kutembea na taa ya mkanda inawaka, mtagombana.

Na ushauri wangu, kurudi rudi na SGR. Mumeo awasindikize, au umsubiri mdogo wako aje awachukue. Mama mkwe naye atakuwa ameheshimiwa.

Kuhusu kulia. Kwenye ndege kinacholiza wachanga mara nyingi ni masikio, na yanauma zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupaa. Ukisikia mlio wa injini umebadilika na wahudumu wameanza kupita kuangalia mikanda, usisubiri, mwamshe mtoto hata kama kalala umpe ziwa, kule kumeza meza ndio kunafungua masikio. Mkubwa mpe maji ya mrija au biskuti atafune. Watu wengi wanamnyonyesha mtoto wakati wa kupaa, anashiba, wakianza kushuka hataki tena ziwa, ndipo kilio kinapoanza. Mbakizie njaa kidogo.

Na tafadhali msiwape watoto Piriton ili walale. Najua mashoga wanashauriana sana hilo. Ile ni dawa ya mafua na mzio sio ya usingizi, na kuna watoto ikiwaingia badala ya kulala wanachangamka ndio hamlali wote.

Kigari cha mtoto acha nyumbani, Dodoma unashuka ngazi, unatembea kwa miguu mpaka ndani. Chukua mbeleko. Mdogo mgongoni au kifuani, mkubwa mkono mmoja, mkono wa pili tiketi. Beba cheti cha kuzaliwa cha huyo mdogo maana wanaweza kutaka kuona kweli hajafika miaka miwili. Pampasi na nguo ya kubadilisha weka kwenye begi la mkononi, na weka za ziada, ndege inachelewa na treni ya umeme nayo umeme ukileta shida inasimama. Watu wakikuangalia mtoto akilia, waangalie na wewe, wote walilia wakiwa wadogo.

SWALI: Auntie habari. Sisi ni wanne, mimi, bwanangu na watoto wa miaka mitano na miwili. Disemba tunaenda kwa nyanya yao Ukunda kutoka Nairobi. Bwanangu anataka treni ya usiku ati watoto watalala. Ama tupande ndege?
Mama wa Embakasi

ANTI: Treni, lakini sio ya usiku. Ile inaondoka saa 4 usiku inawafikisha Miritini, stesheni ya Mombasa, saa 9 na kitu, kabla hata ya adhana ya alfajiri, hapo mtoto ndio amezama usingizini, umwamshe, umbebe, mtafute gari gizani na Ukunda bado iko mbele. Panda ya saa 2 asubuhi. Inasimama Emali, Mtito Andei, Voi na kwengineko kwahiyo inakawia kidogo kuliko ile ya haraka, ila inapita Tsavo mchana na mkiwa na bahati watoto wataona ndovu dirishani. Kwa nauli iliyoanza Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya kila mtu mzima, wa miaka mitano nusu, wa chini ya mitatu halipi, jumla 3,750 kwenda. Hata kwa nyinyi nasema wa miaka miwili mumkatie siti kama mnaweza. Miritini iko mbali na mji lakini kwenu nyinyi ni faida, mnashika barabara ya Dongo Kundu mpaka kusini bila kugusa feri ya Likoni. Ndege inafaa kama mtapata inayotua Ukunda penyewe na bei isiwatoe jasho. Tiketi za Disemba zinaisha haraka, bukini kwa *639# mapema.

SWALI: Anti, mke wangu amejifungua Dar, mtoto sasa ana wiki tatu, tunataka kumpeleka kwa bibi yake Mwanza. Ana mafua kidogo. Treni au ndege?
Baba Mpya

ANTI: Hongera baba. SGR haijafika Mwanza, treni iliyopo ni ile ya zamani na inalala njiani, na mzazi mwenye wiki tatu hawezi kukaa hivyo, usimfanyie. Ni ndege, lakini sio na mafua. Pua ikiziba masikio hayafunguki na mtoto mdogo hivyo hawezi kukwambia. Mpeleke kliniki kwanza, akipona na daktari akiruhusu ndio mkate tiketi, na mpigie simu shirika la ndege muulize kama wanataka barua ya daktari kwa mtoto mchanga. Wakitaka, ishike mkononi, usiipakie kwenye begi linaloenda chini, wataiulizia kaunta wakati begi limeshaondoka.