Megapikseli 45 kwa majahazi na ngoma za Bagamoyo? Tazama kwanza kasi ya sensa

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una kamera ya megapikseli 24 yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo, ile ya APS-C. Alfajiri unapiga majahazi na ngalawa ufukweni Bagamoyo, usiku unapiga ngoma jukwaani TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na sasa pesa ya kupanda daraja imepatikana. Unauliza uende megapikseli 45 au 61. Kwa kazi hizo mbili, megapikseli ziweke nafasi ya tatu. Kwanza tazama sensa inasomwa kwa kasi gani, pili tazama bodi, yaani mwili wa kamera, imezibwa vipi dhidi ya chumvi na mchanga.

Tumalizane na megapikseli kabisa. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi unapata karibu sentimita 51 kwa 34, yaani umeshapita A3. A2 kwa kiwango hicho hicho inataka kama megapikseli 35. Basi kama unauza picha za ukutani kuanzia A2, au unakata sana fremu kwa kuwa jahazi liko mbali, 45 zitakufaa. Kama picha zinaishia kwenye simu na kalenda, tofauti huioni. Na zina gharama yake: kwa sensa ya ukubwa ule ule, pikseli zikiwa nyingi huwa ndogo, na kila mtikisiko unaonekana. Ile kanuni ya lenzi ya milimita 200 kupigwa kwa 1/200 haitoshi tena, panda hadi 1/400. Ukibana tundu la lenzi kupita f/11 picha inaanza kulainika, kwa sababu mwanga hutawanyika ukipenya tundu dogo, na pikseli za mikroni 4.4 (megapikseli 45 kwenye sensa kubwa ya fremu nzima) hulionyesha hilo mapema kuliko za mikroni 6 (megapikseli 24 kwenye sensa hiyo hiyo).

Ukubwa wa sensa ni jambo jingine, ingawa watu wengi huuchanganya na megapikseli. Fremu nzima ni milimita 36 kwa 24, APS-C ni takriban 23.5 kwa 15.6. Eneo ni zaidi ya mara mbili, kwa hiyo unapata nafuu ya stopu moja na ushei (stopu moja ni mwanga mara mbili): chenga (punjepunje zinazochafua picha) za ISO 6400, ISO ikiwa kipimo cha usikivu kwa mwanga, kwenye fremu nzima zinalingana na za ISO 2700 hivi kwenye sensa yako ya sasa, teknolojia ikiwa ya rika moja. Kwa ngoma za usiku hiyo ni nafuu kubwa.

Sasa kasi ya sensa, na hili ndilo la kutazama kwanza. Shata ya elektroniki haina pazia. Sensa husomwa mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Kamera nyingi nzuri tu huchukua kati ya 1/15 na 1/60 ya sekunde kumaliza kusoma fremu moja, hata kama wewe umeweka shata 1/2000. Katika muda huo mkono wa mpiga ngoma umeshasafiri, na fimbo iliyonyooka inatoka kwenye picha imepinda. Ukigeuza kamera kuifuata ngalawa inayokimbia karibu, mlingoti unalala upande. Wengi hudhani lenzi ni mbovu, kumbe ni usomaji wa sensa. Dawa ya bei nafuu ni kurudi kwenye pazia la kimekanika, ambalo hupita kwa karibu 1/250. Dawa ya bei kubwa ni sensa ya tabaka, iliyoundwa kusomwa haraka zaidi. Nikon Z8 na Z9 husoma megapikseli 45 kwa takriban 1/270 ya sekunde, ndiyo maana kamera hizo zikaachwa bila pazia kabisa. Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, husoma pikseli zote kwa mpigo mmoja, na hapo hakuna kupinda hata chembe. Lakini ISO yake ya msingi ni 250 na megapikseli zake ni 24.6. Jukwaani ni chombo hasa. Kwa mapambazuko, ambapo unataka ISO 64 au 100 ili vivuli vivutike bila chenga, inakunyima kitu.

Kasi hiyo hiyo ndiyo inayoamua utakavyoonana na taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za kawaida hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, sensa inayosomwa polepole inaona: unapata mistari ya giza na mwanga inayokata fremu kwa upana. Fika mapema kabla watu hawajajaa, weka shata ya elektroniki, 1/1000, elekeza kwenye ukuta unaomulikwa na taa hizo, piga picha kumi mfululizo. Mistari ikitokea, shuka hadi 1/100. Ikiisha, huenda tatizo ni umeme wa kawaida. Ikibaki, huenda ni LED za jukwaani zinazozimwa na kuwashwa haraka mno ili zififie. Hapo tumia pazia la kimekanika, au kama kamera yako inaruhusu kurekebisha shata kwa desimali, zungusha gurudumu taratibu huku ukitazama skrini mpaka mistari itoweke. Hiki ni kipengele kidogo kwenye menyu ambacho karibu hakuna anayekiulizia dukani, nami nakithamini kuliko picha 30 kwa sekunde.

Kuhusu picha nyingi kwa sekunde, piga hesabu ya kadi kabla hujafurahi. RAW (faili ghafi la picha) ya megapikseli 45 isiyopoteza data ni kama MB 50. Ishirini kwa sekunde ni GB 1 kila sekunde. Kadi ya SD ya UHS-II, njia yake yote ni MB 312 kwa sekunde, na alama ya V90 inakuhakikishia MB 90 tu za kuandika bila kusita. Kamera itapiga kwa nguvu sekunde chache, kisha itakwama katikati ya mruko wa mchezaji. Kama kamera ina tundu la CFexpress (kadi ya kasi zaidi) na la SD, ukiamua kuandika nakala kwenye kadi zote mbili kasi inashuka hadi ya ile ya polepole. Kwa kazi ya kulipwa andika zote mbili hata hivyo, na upunguze kasi hadi picha 8 au 10.

Mipangilio ya kuanzia jukwaani: f/2.8, 1/500, ISO ijichague yenyewe isipite 12800. Mikono ya mpiga ngoma inataka 1/1000. Kituliza mtikisiko ndani ya bodi hakimsimamishi mchezaji, kinatuliza mikono yako tu. Faida yake ni pale unapotaka mikono ya mpigaji iwe ukungu na uso wake utulie, kwa 1/30. Fokasi ya kufuata jicho ni nzuri sana, ila uso uliopakwa rangi nyingi au uliofunikwa kinyago huichanganya, itaruka kwenda kwa mtu wa nyuma. Tenga kitufe kimoja kirudishe nukta moja ya fokasi papo hapo, na ukizoee gizani.

Twende ufukweni. Bagamoyo jua linachomoza baharini, kwa hiyo jahazi linakuwa katikati yako na jua, na tanga linapitisha mwanga kama kitambaa cha taa. Hapa unalipia upana wa mwanga ambao sensa inaweza kuubeba kwa mkupuo. Piga RAW ya biti 14 kwenye ISO ya msingi, washa milia ya onyo la mwanga uliozidi, na uweke mwanga kwa ajili ya tanga, usijali mabaharia wakitoka weusi. Sensa ya daraja la juu inakuruhusu kuvuta vivuli stopu 3 hadi 4 nyumbani. Mwanga uliokwisha kuungua haurudi kwa programu yoyote. Tanga kuukuu lina viraka. Pale penye kiraka kitambaa ni mara mbili, kwa hiyo pana giza kidogo kuliko pembeni. Baada ya kupiga, kuza picha hadi 100% uutafute mshono wa kiraka. Ukiona uzi wake, uko salama. Ukiona kiraka cha kijivu kinaelea kwenye weupe mtupu, umepitiliza. Punguza theluthi mbili za stopu na upige tena. Usitegemee histogramu peke yake, kwa sababu kamera huitengeneza kutokana na JPEG. Weka mtindo wa picha uliopoa na wenye kontrasti ndogo ndipo itakaribia ukweli wa RAW.

Skrini ya nyuma saa tatu asubuhi juu ya mchanga mweupe haionekani, hivyo kitundu cha kutazamia kizuri ni lazima. Nukta milioni 3.69 zinatosha.

Chumvi ndiyo inayoua kamera kwetu. Kaskazi au kusi, upepo unakuja na mvuke wa bahari, na pale soko la samaki kuna moshi wa mafuta ya kukaangia unaoganda kwenye kioo. Bodi iliyozibwa ina mipira kwenye mlango wa betri na mlango wa kadi; mpira wa kuziba mdomo wa lenzi kwa kawaida hukaa kwenye lenzi yenyewe. Lenzi isiyo na mpira nyuma inaufuta ulinzi wote wa bodi, kwa hiyo ziangalie zote mbili. Kubadilisha lenzi: zima kamera, upe upepo mgongo, mdomo wa bodi utazame chini, ndani ya begi. Ukirudi, kitambaa kilicholowekwa maji baridi, siyo ya chumvi, kikakamuliwa hadi kisidondoke, pangusa nje yote kisha kausha. Kwenye sensa usipulize kwa mdomo, mate hugandia; tumia pampu ya mpira. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa, la sivyo umande unaingia mpaka ndani. Hifadhi kwenye kontena la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli na kipima unyevu, kati ya 40% na 50%. Juu ya 60% kwa wiki kadhaa, ukungu unaanza kuota kwenye vioo vya lenzi kama utando wa buibui, na hauishi kwa kupangusa nje.

Ukinunua iliyotumika, hasa iliyofanya kazi pwani, usilipe kabla ya haya. Fungua mlango wa betri utazame vichwa vya shaba kwa tochi: kijani kidogo ni chumvi iliyoingia, achana nayo hata kama inawaka. Piga mbingu nyeupe kwa f/16 bila fokasi, madoa ya sensa yatajionyesha. Funika lenzi, piga sekunde 30 kwa ISO 800. Nukta chache zinazong'aa ni kawaida, mstari mzima haukubaliki. Jaribu kadi kwenye matundu yote mawili. Uliza idadi ya shata: pazia nyingi za daraja hili hupimwa kati ya 200,000 na 500,000.

Uchaguzi wangu kwa pesa yako: fremu nzima ya megapikseli 24 hadi 33, iliyozibwa, yenye pazia la kimekanika (ile dawa ya bei nafuu ya usomaji wa polepole), na lenzi ya 70-200 f/2.8 yenye mpira wake. Hiyo inakutosha tangu alfajiri ufukweni mpaka ngoma ya mwisho. Pesa ikibaki baada ya lenzi hiyo, na siyo kabla, ndipo uifikirie Z8. Ukitaja bajeti yako na lenzi ulizonazo sasa, nitakuambia ipi ubaki nayo na ipi uuze.