Usitume hiyo imeili! "Reduce to" itakula hela yako

Mleta uzi usitume. Unauliza kama ukariri ile PDF yako ya vihusishi 600 vya Kiingereza, yaani vile vineno kama by, to, for, ila sijamaliza hata kusoma swali lako, nimefika tu hapo ulipobandika rasimu ya imeili ya kuwapunguzia wageni bei ya safari ya dola 1,480, "we can reduce the price to 150 dollars per person", nikaishiwa nguvu. Wewe unataka kuwapunguzia dola 150 kila mtu au unataka kuwapeleka Serengeti kwa dola 150? Maana ulichoandika ni hicho cha pili, na ubaya wake ni Kiingereza safi kabisa, hakuna programu ya kusahihisha itakayokipigia mstari mwekundu.

Yalinikuta haya haya. Nilikua kwenye ofisi moja ya utalii Arusha, kazi yangu kujibu imeili na kupanga bei, kuna kundi la wageni sita wanataka Tarangire, Serengeti na Ngorongoro, bei nimewapa dola 1,650 kwa kichwa. Wakaomba punguzo kwa sababu wako wengi. Bosi akasema wapunguzie mia mbili mia mbili. Nikakaa na tai yangu nikaandika kwa madaha, "as you are a group of six we can reduce the price to 200 dollars per person". Wakajibu ndani ya nusu saa, wamefurahi hao, wanashangilia, "we accept 200 dollars per person". Na mimi nikasoma hiyo sentensi nikaelewa wamekubali punguzo la mia mbili, nikawajibu "confirmed" na alama ya tabasamu. TABASAMU jamani.

Ankara ilipoenda ya dola 1,450 kwa kila mtu ndo moto ukawaka. Wakarudisha skrinishoti ya imeili yangu, jina langu pale chini limekolezwa wino. Na ujue dola 200 kwa safari ya namna hiyo haifiki hata viingilio vya hifadhi, bado gari, mafuta, mpishi, dereva, hema. Tukabembelezana weee, mwisho bosi akakata bei zaidi ili wasiende kutuchafua kwenye mitandao, kamisheni yangu ikaliwa yote, na kipande cha hasara kikakatwa kwenye mshahara kidogo kidogo. Wanaocheka wacheke, nyie zenu mmezificha tu.

Sasa kwa nini nilikosea kitu kidogo hivyo? Kwa sababu ya yule bwana wa "Business English" niliyemlipa hela yangu halali. Alikua anasimama mbele anatuambia by ni ya mtendaji tu, "the goat was killed by a lion", ukiiona kwingine ujue ni makosa. Tukaandika. Kwa hiyo kichwani kwangu "reduced by 200 dollars" ilikua inasikika kama bei imepunguzwa NA dola mia mbili, kama vile zile dola zina mikono! Nikaikimbia. Nikaenda kwenye to, kwa sababu toka shule ya msingi tumezoea peleka kwa mwalimu, "take it to the teacher", basi kila kwa tunaigeuza to. Kumbe Kiswahili chenyewe kilikua kimeshanisaidia, tunasema punguza KWA dola mia mbili na punguza HADI dola mia mbili, hata mtoto anayetumwa dukani hachanganyi. Ile ya kwanza ni by, ile ya pili ni to. Basi. Ingemchukua dakika moja yule bwana, ila alikua bize kutupa vyeti. Changu kina utepe wa dhahabu, mtu akikihitaji aje achukue, nauli juu yangu.

Alafu akaja na sheria yake nyingine, hii ndo naona na hiyo PDF yako ya vihusishi 600 imejaa. Kwamba ukijua kihusishi cha nomino basi kitenzi chake kinatumia hicho hicho. Uongo! Kitenzi na nomino yake ni ndugu wa tumbo moja lakini kila mmoja ameoa kwao. Angalia hapo kwenye bei, kitenzi ni "reduce by 200", nomino ni "a reduction OF 200", na ukitaja kitu chenyewe kilichopungua inakua "a reduction IN the price". Of inashika kiasi, in inashika kitu. Hivyo hivyo kupanda, "park fees increased by 20 dollars", ila "an increase of 20 dollars in park fees". Pesa nazo, unasema "pay 500 dollars" bila kitu chochote katikati, ukilipia safari "pay for the safari", ukija kwenye nomino "a payment of 500 dollars for the safari".

Ndo maana watu wanaandika "discuss about", kwa sababu wameona "discussion about". "Request for" kama kitenzi, kwa sababu kuna "a request for". "Emphasise on" kwa sababu kuna "emphasis on". Kwenye vitenzi hivyo vitatu hakiwekwi kitu katikati, unasema tu discuss the plan, request a copy, emphasise the point. Lakini usije nawe ukatunga sheria kwamba vitenzi havitaki vihusishi, maana "depend on" inataka, "apply for" inataka, "wait for" inataka, na ukigeuza kidogo tu "independent" inakuja na of. Haina formula, achana na anayekuuzia formula.

Lakini nisikudanganye, "discuss about" haijawahi kumfilisi mtu. Mgeni anaelewa, anacheka moyoni, anaendelea. Hela inapotea kwenye vile vihusishi ambavyo vyote viwili ni sahihi ila maana ni mbili tofauti, by na to kwenye bei, by na until kwenye tarehe. Hii ya tarehe inatuponza kwa sababu sisi "hadi Ijumaa" inabeba yote. Ofa inadumu "until Friday", malipo yafike "by Friday". Hizo PDF hazikuonyeshi hatari iko wapi, "wait for" na "reduce by" zimewekwa pamoja kama zina uzito mmoja.

Kwa hiyo usikariri kihusishi. KARIRI KIPANDE KIZIMA na namba yake ndani. Usiandike kwenye daftari "reduce = by", andika "reduce the price by 150 dollars", mstari unaofuata "reduce the price to 1,330 dollars", na nomino uipe mstari wake kama neno jingine kabisa usilolijua. Na hii haijagunduliwa jana. Kuna Mwingereza anaitwa A. S. Hornby alikua anafundisha Japani, kamusi yake kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza ilichapwa Tokyo mwaka 1942, kila kitenzi kimewekewa mpangilio wa maneno yanayokifuata. Kizazi cha kamusi hiyo ndo hii ya Oxford ya wanafunzi mnayoiona, ipo bure mtandaoni, fungua neno reduce uone mipangilio yenyewe. 1942! Na mimi nimelipa mtu aniambie by ni ya simba na mbuzi.

Haya rasimu yako. "We request for your passport copies", toa for. "As we discussed about the itinerary", toa about. "Pay the deposit until Friday", weka by Friday, la sivyo atadhani anatakiwa kuendelea kulipa kila siku mpaka Ijumaa ifike. "Looking forward to hear", weka hearing. Na ile sentensi ya bei ifute yote uandike hivi: "We can reduce the price by 150 dollars per person, from 1,480 to 1,330 dollars." Bei ya zamani na bei mpya zote zikae hapo, hata ukipitiwa na kihusishi mgeni anahesabu mwenyewe. Ukimaliza bandika hapa kwanza kabla ya kutuma, nipo mtandaoni mpaka saa nne usiku.