RFC ndani ya hazina ya Debian: ziwekwe wapi?

Ndugu yangu, umeuliza kama nakala za RFC, yaani nyaraka zinazoeleza viwango vya intaneti, ziingie kwenye hazina ya vifurushi ya Debian (mfumo endeshi huru) pamoja na programu yako. Mimi ningeziondoa kwenye sehemu kuu (main), ile ya vitu huru pekee. Leseni ya RFC inaruhusu kuzinakili na kuzisambaza zilivyo, lakini si kuzihariri na kutoa toleo lako. Na kura ya wanachama wa Debian ya 2004 ilithibitisha kuwa Debian inadai uhuru huo wa kuhariri hata kwa nyaraka. Ndiyo maana kifurushi cha doc-rfc kiliwekwa non-free, sehemu ya hazina kwa vitu visivyotimiza masharti hayo ya uhuru. Inauma, najua, maana fundi asiye na intaneti ya uhakika anazihitaji sana. Basi zitengenezee kifurushi chake hukohuko non-free. Kagua pia msimbo chanzo kabla ya kupakia: mara nyingi nakala hizo hujificha humo.